Uvimbe wa Titi: Siku Zinazopotea na Haki za Mgonjwa



Mada tuliyoichagua mwezi huu ni saratani ya matiti, maradhi ambayo wengi wetu huyataja kwa kunong'ona na wengine hawayataji kabisa. Tunajua kuwa nakala hii husomwa sebuleni, mbele ya wakwe na watoto. Hata hivyo tumeona ni wajibu wetu kulizungumza jambo hili kwa uwazi na kwa adabu, kwani katika jamii yetu hapa Uingereza tumewashuhudia mama zetu na dada zetu wakifika hospitali maradhi yameshatanda, ilhali dalili zilionekana miezi mingi kabla. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini si kila anayechelewa amejificha. Wako waliokwenda kwa daktari mapema, wakarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu.

Baada ya msiba, au baada ya mtu kukatwa titi, ndipo watu wanapouliza: je, nchi hii yenye sheria nyingi haina sheria ya kutusaidia? Jawabu ni kuwa sheria ipo, lakini husaidia kwa kiasi, na husaidia baada ya madhara kutokea. Zipo haki nyingine, zisizohitaji wakili wala mahkama, ambazo mgonjwa anaweza kuzidai siku ile ile anapokaa mbele ya daktari. Hizo ndizo zenye thamani kubwa zaidi, na ndizo tusizozijua. Makala haya yanakusudia kuzieleza haki za aina zote mbili, na kuonyesha kwa nini tusingoje hizi za pili.

UKUBWA WA TATIZO

Nchini Uingereza, takriban mwanamke 1 katika kila 7 hupatwa na saratani ya matiti katika maisha yake. Kila mwaka hugunduliwa wagonjwa wapya zaidi ya 55,000, na wanaofariki ni zaidi ya 11,000. Wanaume nao hupatwa, ijapokuwa ni wachache, kiasi cha 400 kwa mwaka. Kwa hiyo baba asiyaone haya kuwa ni maneno ya wanawake peke yao.

Lililo muhimu zaidi ni hili. Takwimu za England zinaonyesha kuwa wagonjwa wanaogunduliwa maradhi yakiwa katika hatua ya kwanza, karibu wote huwa hai baada ya miaka 5. Wanaogunduliwa katika hatua ya nne, yaani maradhi yameshahamia kwenye mifupa, ini, mapafu au ubongo, wanaofikia miaka 5 ni kiasi cha robo tu. Ugonjwa ni ule ule. Tofauti kubwa ni wakati ulipojulikana.

Mwaka 2016, Cancer Research UK na Public Health England walitoa hesabu inayotugusa. Katika England, kati ya wanawake weusi wa Kiafrika waliopatikana na saratani ya matiti, 25 katika kila 100 waligunduliwa wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Kwa wenye asili ya Karibiani walikuwa 22 katika kila 100, na kwa Waingereza weupe walikuwa 13. Sisi Waswahili katika fomu za hapa hatujiandiki sawa: mmoja hujiandika Mwafrika, mwingine Mwarabu, mwingine Mwasia, na huenda wote wakawa ni wa tumbo moja. Hata hivyo, sababu zinazowachelewesha wengine ndizo zinazotuchelewesha sisi: haya, lugha, hofu, na kutojua pa kushika.

DALILI ZA KUTAZAMWA

Kwanza tuondoe hofu: uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Lakini hakuna awezaye kuutambua kwa kuugusa tu, si mama mkwe wala jirani aliyewahi kuuguza. Vipimo ndivyo vinavyojua.

Dalili za kumpeleka mtu kwa daktari ni hizi: uvimbe au ugumu mpya ndani ya titi au kwapani, titi kubadilika ukubwa au umbo, ngozi kubonyea au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa nje kuingia ndani, chuchu kutoa majimaji, hasa yenye damu, na upele mfano wa ukurutu kwenye chuchu usiopona kwa mafuta. Wengi hudhani kuwa kisichouma si ugonjwa. Kumbe uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni, na kutouma kwake ndiko kunakomhadaa mtu. Mama anyonyeshaye naye asijiambie kuwa kila kigumu ni maziwa yaliyoganda. Kikikaa, kitazamwe.

Juu ya hayo upo uchunguzi wa wasio na dalili. Tangu mwaka 1988 NHS huwaita wanawake kupigwa eksirei ya matiti, iitwayo mamogramu. Wanaoitwa ni wa miaka 50 hadi kufikia 71, kila baada ya miaka 3, na barua ya kwanza hufika baina ya umri wa miaka 50 na 53. Aliyetimiza miaka 71 haitwi tena, lakini ana ruhusa ya kuomba mwenyewe kila miaka 3. Mwito hutolewa kwa kufuata daftari la daktari wa familia. Asiyejiandikisha haitwi, na aliyehama bila kutoa anwani mpya barua yake huokotwa na mpangaji mwingine.

Wala tusidhani kuwa barua haikosei njia. Mwezi wa Mei 2018 Waziri wa Afya wa wakati huo, Jeremy Hunt, aliliambia Bunge kuwa huenda wanawake hadi 450,000 hawakupelekewa mwito wao wa mwisho, kwa hitilafu iliyokuwapo tangu 2009. Uchunguzi uliofuata uliipunguza sana idadi hiyo, lakini somo limebaki: barua isipokuja, uliza.

SIKU ZINAPOPOTELEA

Tukiyafuatilia masaibu ya waliochelewa, tunaona kuwa siku hupotea mahali patatu.

Pa kwanza ni nyumbani. Mtu ameona kitu, anangoja mwezi wa Ramadhani upite, kisha harusi ya mtoto, kisha safari ya Mombasa au Unguja. Mwingine anangoja amalize kwanza kunywa kombe na kusomewa. Hatusemi watu waache dua. Dini yetu inatufundisha kumtegemea Mwenyezi Mungu na pia kuitafuta tiba, na moja halizuii jingine. Asubuhi mgonjwa aende kwa daktari, na jioni asomewe.

Pa pili ni chumba cha daktari. Hapa tunataka kutoa mfano wa mama mmoja wa jamii yetu, ambaye jina lake tunalihifadhi. Alikuwa na uvimbe katika titi la kushoto. Kiingereza chake ni cha sokoni, basi akamchukua mwanawe wa miaka 11 amfasirie. Alimwambia, "Mwambie daktari nina uvimbe hapa." Kijana aliona haya kulitaja titi la mama yake, akasema kwa Kiingereza kuwa mama anaumwa na kifua. Nasi twajua kuwa kwa Kiswahili anayeumwa na kifua ni mwenye kikohozi. Daktari akasikiliza mapafu, akaandika dawa. Mama akarudi nyumbani akiamini kuwa titi limeshatazamwa na kwamba dawa ile ni ya uvimbe. Alikunywa chupa mbili. Ilipita miezi minne kabla ya binti yake mkubwa kuja kutoka mji mwingine na kumuuliza, "Mama, daktari alikuvua nguo akakugusa?" Mama akajibu, "La, mwanangu, kwani nilivaa baibui na hakuniambia kitu."

Katika kisa hiki mtoto hana lawama hata chembe. Mzigo ule haukuwa wake. Daktari hakuuliza zaidi na hakumwita mkalimani. Mama hakujua kuwa mkalimani yupo. Hivyo ndivyo miezi minne ilivyopotea bila ya mtu hata mmoja kukusudia ubaya.

Pa tatu ni baina ya ofisi na ofisi. Daktari amesema ataandika barua kwenda hospitali, na barua haikuandikwa, au imeandikwa na haikupokewa, au miadi imeletwa kwa ujumbe wa simu kwenye namba ya zamani. Mgonjwa anangoja kwa subira. Subira ni jambo jema, ila si pahala pa kuingoja barua.

HAKI UNAZOKWENDA NAZO KWA DAKTARI

Ya kwanza ni haki ya kuandikishwa. Kumwona daktari wa familia ni bure kwa kila aliyepo nchini, bila kujali karatasi zake za uhamiaji, na ofisi ya daktari haipaswi kumkatalia mtu kwa sababu tu hana uthibitisho wa anwani. Hospitali ni jambo jingine. Mgeni aliyekuja kutembea huweza kutozwa gharama za matibabu, ingawa matibabu ya dharura na ya haraka hayapaswi kungojeshwa mpaka fedha ipatikane. Wakimbizi, na walioomba hifadhi ambao shauri lao linaendelea, hawatozwi.

Ya pili ni haki ya mkalimani. Mwongozo wa NHS England wa mwaka 2018 unataka mgonjwa asiyekijua Kiingereza apatiwe mkalimani mwenye taaluma, bila malipo, na hautaki watoto wafanywe wakalimani. Aombwe pale miadi inapowekwa, na uombe pia muda mrefu zaidi wa kuonana na daktari. Itajeni lugha sawasawa: Kiswahili, na kama ni mzee wa Barawa aliyezoea Chimiini peke yake, semeni hivyo.

Ya tatu ni haki ya sitara. Unaweza kuomba daktari wa kike au muuguzi wa kike, na unaweza kuomba awepo msimamizi, yaani mtu wa pili chumbani wakati wa kutazamwa mwilini. Ombi hili ni la kawaida wala si la Waislamu peke yao. Daktari wa kike asipopatikana siku hiyo, uliza atapatikana lini, upime kusubiri huko kuna gharama gani. Wanazuoni wetu wameshaeleza kuwa haja ya tiba ina hukumu yake. Mficha uchi hazai, na mficha titi huenda asipone.

Ya nne ni haki ya kupelekwa mbele. Mwongozo wa taasisi ya NICE wa mwaka 2015, unaofuatwa England, unasema kuwa mtu wa miaka 30 au zaidi mwenye uvimbe wa titi usio na sababu inayojulikana, uume usiume, apelekwe hospitali kwa njia ya haraka ya wanaoshukiwa saratani. Vivyo hivyo aliye na miaka 50 au zaidi ambaye chuchu yake moja inatoa majimaji, imeingia ndani au imegeuka kwa namna ya kutia shaka. Walio chini ya miaka 30 huweza kupelekwa kwa njia isiyo ya haraka, kwani kwao saratani ni adimu; lakini adimu si muhali. Basi swali la kuuliza ni hili: "Daktari, je, unanipeleka kwa njia ya haraka? Kama hunipeleki, ni kwa sababu gani?" Swali hili halina utovu wa adabu. Daktari mwema atalijibu, na jawabu lake ataliandika.

Ya tano ni haki ya kurudi. Ukiambiwa si kitu, uliza: "Nirudi baada ya siku ngapi kama hakijaondoka?" Unaweza pia kuomba kuonwa na daktari mwingine katika ofisi ile ile. Mwezi wa Septemba 2025 serikali na NHS England walitangaza kanuni iitwayo Jess's Rule, kwa kumbukumbu ya Jessica Brady, kijana wa miaka 27 aliyefariki kwa saratani Desemba 2020 baada ya kuwasiliana na ofisi ya daktari wake zaidi ya mara 20. Kanuni hiyo inawataka madaktari wa familia kulifikiri jambo upya mgonjwa anaporudi mara ya tatu na dalili zile zile au zilizozidi. Basi ukiwa umefika mara ya tatu, sema wazi: "Hii ni mara yangu ya tatu."

TARAKIMU ZA KUKUMBUKA

Zamani kipimo kilikuwa mgonjwa wa njia ya haraka aonwe na bingwa ndani ya wiki 2. Tangu Oktoba 2023, kipimo cha England ni siku 28: kuanzia siku uliyopelekwa kwa haraka hadi siku unapoambiwa kuwa unayo saratani au huna. Tarakimu ya pili ni 31, yaani siku tangu mlipokubaliana juu ya matibabu hadi yaanze. Ya tatu ni 62, yaani siku tangu ulipopelekwa kwa haraka hadi tiba ya kwanza.

Hospitali hufanya vipimo vitatu: daktari hutazama na kugusa, kisha picha ya mamogramu au ya mawimbi ya sauti, kisha huchukuliwa kinyama kidogo kwa sindano kikapimwe. Mahali pengi haya hufanywa katika siku moja. Jiandae kukaa nusu siku.

Ni lazima tuseme kweli: tarakimu hizo ni ahadi za huduma. Lengo la siku 62 limekuwa halitimizwi ipasavyo kwa miaka mingi, na kupita kwa siku peke yake hakumpi mtu kesi ya kufungua mahkamani. Faida yake ni nyingine. Mwenye kuijua tarakimu hujua siku ya kupiga simu. Siku ya 10 bila miadi, piga simu. Siku ya 29 bila jawabu, piga simu, na uitaje tarakimu. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao, kwa hiyo walioko huko waulize za huko.

YAKISHAHARIBIKA

Tuseme mambo yamekwenda kombo na saratani imegunduliwa kwa kuchelewa. Hatua ya kwanza ni kuomba kumbukumbu za matibabu. Chini ya sheria ya ulinzi wa taarifa ya mwaka 2018, kila mtu ana haki ya kupewa nakala ya kumbukumbu zake bila malipo, kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja. Aliyefariki, msimamizi wa mirathi yake anaweza kuziomba chini ya sheria ya mwaka 1990. Zisomeni. Hapo ndipo mtakapoona kama daktari aliandika "titi" au "kifua".

Hatua ya pili ni malalamiko. Katika England malalamiko hupelekwa ndani ya miezi 12 tangu tukio, au tangu ulipolijua. Ofisi husika inatakiwa kukiri kuwa imeyapokea ndani ya siku 3 za kazi. Hospitali zina ofisi ya msaada iitwayo PALS, na kila eneo lina watetezi huru wanaomsaidia mlalamikaji kuandika barua yake bila malipo. Usiporidhika na jawabu la mwisho, shauri hupelekwa kwa Ombudsman wa Bunge na Huduma za Afya, nayo ni bure. Wengine huogopa kuwa wakilalamika watafukuzwa au watatibiwa vibaya. Katiba ya NHS inakataza mlalamikaji kutendewa vibaya kwa sababu ya kulalamika.

Hatua ya tatu ni kudai kuambiwa ukweli. Tangu Novemba 2014 taasisi za NHS katika England, na tangu Aprili 2015 watoaji huduma wengine waliosajiliwa, zinabanwa na sheria: likitokea jambo lililomletea mgonjwa madhara makubwa ambayo hayakutarajiwa, aambiwe, aelezwe na aombwe radhi. Familia nyingi hazitaki fedha. Zinataka mtu mmoja aje aseme, "Tulikosea hapa na hapa." Hilo nalo ni haki.

MAHKAMANI

Sasa tufike kwenye fidia. Anayemshtaki daktari au hospitali kwa uzembe ana mambo matatu ya kuthibitisha: kuwa daktari alikuwa na dhamana juu yake, kuwa alikiuka kiwango cha kazi yake, na kuwa ukiukaji huo ndio uliosababisha madhara.

Jambo la kwanza ni rahisi. La pili lina vipimo vyake. Kesi ya Bolam ya mwaka 1957 iliamua kuwa daktari hana uzembe ikiwa alitenda kama ambavyo kundi la madaktari wenye kuwajibika wangekubali kuwa ni sawa. Kesi ya Bolitho ya mwaka 1997 ikaongeza kuwa rai ya kundi hilo iwe yenye kuingia akilini. Mahkama hailazimiki kuipokea kwa kuwa tu imetoka kwa daktari.

Jambo la tatu ndilo linalowaangusha wengi, na kesi ya Gregg dhidi ya Scott inalieleza vizuri. Bwana Gregg alikuwa na uvimbe chini ya kwapa la kushoto. Daktari alimwambia kuwa ni mafuta tu, si kitu. Baadaye ikaonekana ni saratani ya tezi, na tiba ilikuwa imecheleweshwa kwa miezi 9. Mahkama ilikubali kuwa daktari alifanya uzembe. Lakini hesabu ilionyesha kuwa, hata angalitibiwa mapema, nafasi yake ya kupona ilikuwa 42 katika 100. Kwa kucheleweshwa ikashuka hadi 25. Kwa kuwa tangu mwanzo nafasi yake haikufika nusu, hakuweza kuthibitisha kuwa kucheleweshwa ndiko kulikomkosesha kupona. Mwezi wa Januari 2005 majaji watatu kati ya watano wa Baraza la Malodi walilikataa dai lake. Sheria haikulipa kwa nafasi aliyoipoteza.

Saratani yake haikuwa ya titi, lakini kanuni ni ile ile. Yule ambaye kucheleweshwa kumemtoa kwenye nafasi ya zaidi ya nusu, ana dai. Vilevile anaweza kudai yule ambaye, kwa sababu ya kuchelewa, alikatwa titi zima pale ambapo pangalitosha kutolewa uvimbe, au alipewa dawa kali ambazo asingalizihitaji. Lakini yote hayo yatataka ripoti za mabingwa, na miaka ya kungoja.

Muda wa kufungua kesi kwa kawaida ni miaka 3, tangu uzembe ulipotokea au tangu mgonjwa alipojua, au alipopaswa kujua, kuwa amedhurika kwa sababu hiyo. Kulalamika kwa NHS hakuisimamishi saa hiyo. Msaada wa serikali wa kulipia wakili katika kesi za namna hii uliondolewa kwa sehemu kubwa Aprili 2013, na sasa mawakili wengi hufanya kazi kwa mkataba wa kulipwa wakishinda. Wakili akishinda anaweza kuchukua hadi asilimia 25 ya fidia ya maumivu na ya hasara zilizokwishapita, na huenda ikawepo bima ya kulipia pia. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Shirika la hisani la Action against Medical Accidents, lililoundwa mwaka 1982, hutoa ushauri bure, na ofisi za Citizens Advice zitakuelekeza.

LA KUFANYA KUANZIA LEO

Ndugu wasomaji, mkiitazama kesi ile mtaona maana ya maneno tuliyoanza nayo. Sheria humuuliza mjane: ulikwenda lini, ulisema nini, uliambiwa nini, nani shahidi? Maswali hayo hayo, mgonjwa akijiuliza siku ya kwanza, humwokoa na mahkama yenyewe. Kwa hiyo tunashauri mambo yafuatayo.

1. Kila nyumba iwe na daftari dogo, kama lile la skuli. Kila anayekwenda kwa daktari aandike tarehe, jina la daktari, alichosema yeye, alichojibiwa, na siku ya kurudi.

2. Kabla ya kwenda, sentensi moja iandikwe kwa Kiingereza kwenye karatasi: nina uvimbe katika titi, upande huu, tangu tarehe hii. Mgonjwa aitoe karatasi hiyo hata kama mkalimani yupo. Karatasi haioni haya.

3. Asiende peke yake. Aende na dada, shoga au binti mtu mzima. Mtoto abaki skuli.

4. Asitoke chumbani kabla titi halijatazamwa, na kabla hajajua kama anapelekwa hospitali na kwa njia gani.

5. Kabla ya safari ndefu ya nyumbani, waulizeni hospitali kama kuna miadi inayongojwa, na muwaachie namba ya simu inayopokelewa.

6. Akina baba, mke akisema ameona kitu, swali la kwanza liwe "Miadi ni lini?" Mengine yatafuata.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna kuta ambazo hata mahkama haiwezi kuzijenga upya. Msomaji ambaye hana anayemsomea barua zake za hospitali awaone akina mama wa darasa la jioni, nao watamsindikiza kwa siri na kwa mapenzi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na awape subira waliofiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.